Usiihukumu Flasha Kabla ya Kuisikiliza

Atokaye Olkaria jioni, akayapita mabomba ya mvuke yaliyopindwa juu ya barabara mfano wa milango isiyo na nyumba, akateremka hadi pale njia ya mitambo ya umeme inapoungana na barabara ya kusini mwa ziwa, hana budi kukata kulia ikiwa safari yake ni ya mjini Naivasha. Na kukata kulia katika nchi ambayo magari hupita kushoto ni kujitia mbele ya kila kijacho, na vijavyo saa hizo ni mabasi ya wafanyakazi wa mashamba ya maua, malori ya majokofu yanayowahi ndege Nairobi, bodaboda zenye abiria wawili, na baiskeli ambazo taa yake ni macho ya mwenyewe. Hapo ndipo Land Rover yangu ya miaka ya 1960 iliponigomea. Nilisukuma mkono wa indiketa, nikangoja ule mlio mdogo wa tik-tak nyuma ya dashibodi, ambao kwa muda mrefu nimeuzoea kama mtu anavyozoea kikohozi cha baba yake, nao haukuja. Nikatoa mkono dirishani, nikapita hivyo hivyo, na dereva wa basi lililokuwa nyuma akanipigia honi ndefu ambayo sikuweza kumlaumu kwayo.

Kesho yake asubuhi nikatenda kosa ambalo ndilo asili ya makala haya. Kabla ya kupima chochote, kabla hata ya kulizunguka gari nikalitazama, niliingia duka la vipuri nikamwambia muuzaji kwamba nataka flasha, kile kidude kinachozipepesa indiketa. Akanipa moja yenye miguu mitatu. Nami kwa kuwa ile yangu kuukuu nayo ilikuwa na nyaya tatu, nikasema moyoni kwamba tatu kwa tatu ni sawasawa. Nikaifungua ya zamani nikaitia katika kopo la misumari, nikafunga mpya, nikawasha. Ile taa ndogo iliyo mbele ya dereva ikashika mwanga hafifu usiozima, na indiketa ya kulia ikawa inapepesa inapotaka na kunyamaza inapotaka. Nililala chali chini ya usukani siku mbili na nusu, mavumbi yakiniingia machoni, hata siku ya tatu akapita kijana wa jirani, ambaye hana hata leseni, akaniinamia akaniuliza, "Mzee, na ya kushoto je?"

Sikuwa nimeijaribu.

Nikairudisha flasha kuukuu kutoka kopo la misumari, nikaifunga kwa haya, nikasukuma mkono upande wa kushoto. Tik-tak, tik-tak, kama saa ya ukutani. Basi jambo la kwanza ninalomnasihi kila mwenye gari la kale ni hili: flasha ni moja, nayo hutumikia pande zote mbili, ikiwa upande mmoja unapepesa kwa mwendo wake wa siku zote na upande wa pili umekataa, flasha haina hatia, na fedha utakayoitoa dukani ni sadaka kwa mwenye duka.

Ili mtu asidanganyike tena, yafaa ajue kilichomo ndani ya kidude hiki, maana mafundi wengi hukibadilisha maisha yao yote bila kukifahamu. Flasha ya Lucas ya mtindo wa FL5, ambayo ilifungwa katika magari mengi ya Kiingereza ya zama hizo, ni kikopo cha aluminiamu kinachoenea katika kiganja. Ndani yake mna waya mwembamba mfano wa unywele, uliovutwa ukakazwa, nao kwa kukazwa kwake huzuia ncha mbili za madini zisigusane. Usukumapo mkono wa indiketa, umeme hauna njia ila kupitia unywele huo kwenda kwenye balbu, na kwa kuwa njia ni finyu, balbu haziwaki kitu. Bali waya hupata moto, ukipata moto hurefuka, ukirefuka hulegea, na ukilegea zile ncha hugusana, umeme ukapata njia kuu na taa zikawaka kwa nguvu zake zote. Lakini papo hapo unywele umeachwa bila umeme, hivyo hupoa, hufupika, huzivuta ncha zikaachana, taa zikazimika. Kisha mambo huanza upya. Kwa hiyo ule mlio tuusikiao ni waya unaopata moto na kupoa, wala hamna saa humo ndani.

Fauka ya hayo, katika kikopo hicho hicho mna kipande kingine cha chuma, ambacho huvutwa na sumaku inayozaliwa na umeme uendao kwenye balbu, nacho ndicho kiwashacho taa ndogo mbele ya dereva. Balbu mbili za wati 21, moja ya mbele na moja ya nyuma, ni wati 42, nazo kwa betri ya volti 12 hunywa umeme wa ampea 3 na nusu. Ndiyo maana utaona "42W" imeandikwa juu ya kikopo. Balbu moja ikifa, umeme hupungua nusu, sumaku haitoshi, na ile taa ndogo haiwaki. Mabwana waliokibuni kidude hiki walikifanya mpelelezi bila kukitia akili yoyote, na mimi hukistaajabia kila nikifikiri.

Wako jamaa zake wengine. Kuna flasha za miguu miwili, ambazo ndani yake mna kibamba kinachojipinda kwa joto. Na kuna zile za elektroniki, ambazo hupepesa kwa mwendo mmoja bila kujali joto wala baridi. Mwendo unaotakiwa katika kanuni za kimataifa ni mapigo 90 kwa dakika, yasipungue 60 wala yasizidi 120, na mwenye saa anaweza kuyahesabu kwa robo dakika kisha akazidisha kwa nne. Flasha ya joto ikienda polepole injini inapotulia na kuchangamka unapokanyaga mafuta, shaka yako ielekee kwenye chaji ya betri. Balbu moja ikifa, flasha ya joto aghalabu huacha kupepesa, au huenda mwendo usio wake. Lakini ya elektroniki imefundishwa makusudi kuharakisha, ili dereva ashituke. Kwa hivyo ishike kalamu: unapoona mwendo umebadilika, flasha inakuambia habari ya balbu na nyaya, na kuikosea ni sawa na kumpiga mjumbe aliyeleta barua.

Asiyekuwa na flasha kabisa katika gari lake naye yupo, nami simsahau. Volkswagen za kabla ya 1960 na Morris Minor za kabla ya 1961 zilikuwa na vijikono vilivyochomoza ubavuni kwa sumaku, vyenye taa ndani, na kijana wa leo akikiona kijikono hicho kikichomoza hucheka. Lakini magari hayo yakitiwa indiketa za kupepesa, kama ilivyofanywa kwa mengi, hufuata yote nitakayoyasema hapa, na sharti mwenyewe ajue kama betri yake ni ya volti 6 au 12, maana flasha ya volti 12 haitafanya kazi kwa volti 6.

Sasa nije kwenye Olkaria yenyewe, maana fundi wa Mombasa au wa Kisumu anaweza kuishi asione ninayoyaona mimi. Visima vya kwanza vya kutafuta mvuke vilichimbwa hapa mwaka 1956, na mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ukaanza kutoa umeme mwaka 1981. Tangu hapo vilima hivi vimezidi kufuka. Mvuke utokao ardhini hauji peke yake. Huja na hewa yenye kiberiti, ile ambayo harufu yake ni ya mayai viza, nayo haipatani na shaba wala na fedha: popote inapozigusa huzivika utando mweusi. Wa nyumbani kwangu ana bangili ya fedha aliyoachiwa na mamake, naye huivua kila tunapokwenda upande wa mitambo, kwa kuwa mara ya kwanza alirudi nayo ikiwa imegeuka rangi ya sufuria ya kuni. Ncha zile mbili zilizomo ndani ya flasha mara nyingi ni za fedha au za madini yenye fedha ndani yake. Nyaya zote za gari ni shaba. Vishikio vya nyaya ni shaba nyeupe iliyopakwa bati, na bati likichubuka, ndani ni ile ile. Lisilovumiliwa na bangili halitavumiliwa na gari linalolala hapo usiku kucha, miaka ishirini.

Juu ya hewa hiyo kuna vumbi, jepesi, la kijivu, lililobaki kutoka milima iliyolipuka zamani, ambalo hupenya mahali ambapo hata maji hayapenyi. Likikaa juu ya kishikio kilichokwisha kuwa cheusi, kisha ukungu wa asubuhi ukalilowesha, umeme hupata kizuizi cha tatu. Na mwenye Land Rover ana la nne la kwake pekee: mwili wa gari hilo ni aluminiamu na uti wake wa chini ni chuma, na madini haya mawili yakikutana penye unyevu hayapendani. Aluminiamu haioti kutu nyekundu tuijuayo, huota unga mweupe, laini kama sembe, na unga huo haupitishi umeme.

Nilipoifungua taa ya nyuma ya kulia, siku ile ya tatu, hivi ndivyo nilivyoviona vyote mahali pamoja. Nyuma ya skurubu iliyoshikilia taa kwenye mwili palikuwa na duara la unga mweupe. Waya wa athi, yaani wa kurudishia umeme kwenye chuma cha gari, ulikuwa umevaa ule utando mweusi hadi ndani ya ngozi yake ya plastiki, urefu wa vidole viwili. Na balbu yenyewe, niliyoishuku tangu mwanzo, ilikuwa nzima kabisa, inang'aa. Taa ya nyuma haikuwa na njia ya kurudishia umeme. Flasha ilipata balbu moja tu badala ya mbili, ikashindwa kupata moto wa kutosha, ikanyamaza, na ile ya mbele nayo ikabaki bila kuwaka.

Ndiyo maana huwaambia rafiki zangu kwamba kupima kuna mpango wake, na mpango huo huanzia mwisho wa nyaya kurudi kwenye flasha. Washa ufunguo, jaribu kushoto, jaribu kulia, mtu mwingine akiwa amesimama nje akikuambia kwa sauti kile anachokiona, maana dereva aliyeketi hawezi kuona taa zake mwenyewe. Upande uliokataa, toa balbu uitazame, na usisahau kusoma maandishi yaliyo shingoni mwake, kwani nimekwisha kukuta balbu ya wati 5 imetiwa mahali pa ile ya wati 21 na fundi aliyesema kwamba inaingia, na kweli inaingia. Kama balbu ni nzima, chukua waya mrefu, ncha moja uibane kwenye chuma kisafi cha uti wa gari au kwenye athi ya betri yenyewe, na ncha ya pili uiguse kwenye kikombe cha taa: taa ikifufuka, ugonjwa ni athi, na dawa yake si kufagia unga mweupe pekee, kwa kuwa utarudi, bali kuipa kila taa waya wake mweusi mpya unaoteremka hadi kwenye uti wa chuma, uliosuguliwa ukang'aa. Dalili nyingine ya athi mbovu huwezi kuikosa ukiijua: unakanyaga breki, na indiketa, au taa ndogo ya nyuma, nayo inamulika kidogo, kwa kuwa umeme uliokosa njia yake umetafuta njia ya jirani.

Ikiwa pande zote mbili zimekufa, hapo ndipo uisogelee flasha, lakini upitie fyuzi kwanza. Fyuzi ilishayo flasha mara nyingi ndiyo ilishayo taa za breki na geji ya mafuta. Kama navyo vimelala, usiende mbali. Fyuzi ikiwa nzima, ichomoe hata hivyo, usugue miguu yake na vibano vyake kwa msasa laini, kwa sababu hapa kwetu fyuzi nzima iliyokaa katika vibano vyeusi ni sawa na fyuzi iliyokatika.

Kisha uende kwenye nyaya. Magari ya Kiingereza yenye vifaa vya Lucas yana lugha ya rangi ambayo ukiisoma mara moja itakufaa maisha: waya wa kijani kitupu ndio unaoleta umeme, nao hufungwa kwenye mguu ulioandikwa B, wa kijani hafifu wenye mstari wa kahawia ndio unaouchukua umeme kwenda kwenye swichi, nao hukaa kwenye L, wa kijani hafifu wenye mstari wa zambarau ni wa ile taa ndogo, nao hukaa kwenye P. Kutoka kwenye swichi, kijani chenye mstari mwekundu huenda kushoto, na kijani chenye mstari mweupe huenda kulia. Gari lililopitia mikono ya mafundi wengi huenda lisiwe na rangi hata moja kati ya hizi, na katika hilo sina la kukusaidia ila kukuombea subira na taa ya kupimia.

Taa ya kupimia ikiwaka kwenye B ufunguo ukiwa umewashwa, fanya jaribio ambalo ndilo mizani ya makala haya yote. Zichomoe nyaya mbili za B na L, uzigusanishe zenyewe kwa zenyewe, kisha usukume mkono wa indiketa. Flasha sasa haimo katika mambo. Taa za upande huo zikiwaka zikakaa, kwa mwanga kamili, mbele na nyuma, basi swichi, nyaya, balbu na athi vyote ni vizima, na flasha ndiyo iliyokufa kwa yakini: inunue. Zisipowaka, kuinunua hakutakusaidia kitu.

Ile yangu, nitasema kwa haki, ilikufa kweli baada ya miaka miwili. Nilifanya jaribio hilo, taa zikawaka zikakaa, nikaitikisa sikioni ikalia kama njuga. Hivyo nikaenda dukani mara ya pili, lakini safari hii nikiwa nimeibeba mfukoni.

Kuhusu kununua, wenye magari ya kale wa Nakuru na Naivasha hutafuta kwanza karibu, wakikosa hupanda Nairobi hadi Kirinyaga Road, ambako vipuri vimepangwa duka kwa duka, vya asili na vya bandia vikiwa rafu moja. Tangu Safari Rally iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021 ikaweka makao yake Naivasha, nimeona magari ya zamani mengi yakifufuliwa kwa ajili ya siku zile za mbio, na wauzaji wamekwisha kujua kwamba mwenye gari la kale ana mapenzi kuliko hesabu. Usitaje gari, taja flasha. Sema volti, sema wati, sema ni miguu mingapi na kila mmoja umeandikwa nini. Hapo ndipo nilipoangamia mara ya kwanza: katika flasha nyingi za Kijapani na za elektroniki, mguu wa tatu umeandikwa E, nao hutaka kwenda kwenye athi, na katika za Kijerumani B huitwa 49, L huitwa 49a, na athi huitwa 31. Mimi nilikuwa nimeuchukua waya wa taa ndogo, ambao mahali pake ni P, nikautia kwenye E. Ile flasha ya watu ikawa inatafuta athi yake kwa kupitia balbu ndogo ya wati 2, ndipo balbu ikashika ule mwanga hafifu na flasha ikaingia wazimu.

Ukiipata yenye B, L na P, ya joto, ichukue. Ndiyo nyepesi kufunga. Ukiikosa, ya elektroniki yenye E inafaa, kwa masharti mawili. La kwanza, magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960, na Land Rover hadi mwaka 1967, athi yao ilikuwa upande chanya wa betri, kinyume cha tuliyoyazoea, na flasha ya elektroniki ya kawaida itakufa humo dakika hiyo hiyo; ya joto haijali. Yangu iligeuzwa zamani ikawa hasi, aliyekuwa nayo kabla yangu alipotia alternata, lakini usiamini maneno, fuata kebo ya betri kwa macho uone ni ncha gani inayokwenda kwenye chuma. La pili, ile taa ndogo itabaki bila mguu wa kuiwasha. Usiiunganishe na L kwa kubahatisha. Fundi wa redio atakutilia dayodi mbili kutoka nyaya za kushoto na za kulia, ziungane kwenye taa hiyo, kazi ya nusu saa.

Kufunga kwenyewe hakuna mengi. Toa kwanza ile kebo ya betri iendayo kwenye chuma cha gari, iwe chanya au hasi, ili bisibisi ikiteleza isizue cheche. Piga picha nyaya kwa simu kabla ya kuzigusa, na kila mmoja uuvike kipande cha plasta kilichoandikwa herufi yake. Kila kishikio ukikague: ikiwa shaba iliyo ndani ya plastiki ni nyeusi, risasi ya kulehemu haitaishika, hivyo kata, ukate tena, mpaka ufike penye rangi ya shaba yenyewe, hata kama itakubidi kuongeza kipande cha waya, hili ndilo watu wa hapa wasilolipenda, kwa kuwa waya wa asili ni mali, lakini waya mweusi umekwisha kuliwa. Vishikio vipya vibane kwa koleo lake, si kwa meno, na baada ya kuvisukuma mahali pake uvipake vaselini nyembamba ili hewa ile ya mayai viza isipate pa kuingilia. Kikopo kikalishe katika kibano chake, kikae kama kilivyokaa cha kwanza. Flasha ya joto ikiachwa inaning'inia kwa nyaya zake, mitikisiko ya njia ya Olkaria itaumaliza ule unywele kabla ya mwaka. Wala usikifungue kikopo kuzisugua ncha zake kwa msasa. Nimemwona aliyefanya hivyo akidhani anaweka akiba, akaukata waya kwa kucha.

Rudisha kebo, washa, hesabu. Yangu ilitoa mapigo 84 kwa dakika, na nimeridhika nayo.

Yamebaki mawili yanayotokana na tamaa. Wengi wangependa taa zote nne zipepese pamoja, yaani hazadi, wanapokwama katika ukungu wa Kinale, na hawalaumiki; lakini balbu nne ni wati 84, yaani ampea 7, na flasha ya wati 42 haikuumbwa kwa mzigo huo. Ifungie hazadi flasha yake na swichi yake. Na wengine hutia balbu za LED kwa kuwa ni kali na hazili betri. Hazili betri ndio ugonjwa wenyewe, kwa sababu flasha ya joto huishi kwa umeme unaoliwa, na usipoliwa haipati moto. Atakaye LED na atie flasha ya elektroniki iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Nami huisisitiza kazi hii ndogo kwa sababu indiketa katika barabara zetu imebebeshwa maneno mengi kuliko ilivyokusudiwa. Katika mteremko wa Mai Mahiu, ile barabara iliyochongwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, lori likikuwashia kushoto huenda linakata kushoto na huenda linakuambia "pita, mbele ni kweupe", likiwasha kulia huenda linakata, na huenda linakuambia "kaa papo hapo." Usiku mwenzako anayekuja huiwasha ya kulia kukuonyesha ubavu wake unapoishia. Mwenye gari la kale ambalo indiketa yake huwaka inapotaka anasema maneno hayo yote bila kukusudia hata moja, na aliye nyuma humwamini.

Siku ambayo flasha imekufa na duka liko mbali, mkono bado upo. Kukata kulia, unyooshe mkono wa kulia nje ya dirisha, kiganja kikielekea mbele. Kukata kushoto, uuzungushe mkono huo huo kinyume cha mwendo wa saa. Kupunguza mwendo, uupandishe na kuushusha polepole, kiganja kikitazama chini. Sheria ya barabara ingali inafundisha ishara hizi, ila walio nyuma wengi wamezisahau. Basi ukijikuta jioni nyuma ya Land Rover kuukuu, pale njia ya mitambo inapoungana na barabara ya ziwa, ukauona mkono wa mzee umenyooka dirishani, usidhani unasalimiwa ukajibu kwa honi: kanyaga breki, uningoje nipite.